Dawa Inayomjua Aliyekwaruza

Shebughe aliosha magari Korogwe, na kijiwe chake kilikuwa kikimezewa mate na Bwana Mhando, tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi moja Mhando alimleta mjumbe wa mtaa mbele ya gari lake jeusi.

"Mikwaruzo yote hii kaifanya huyu. Aondoke leo hii."

Shebughe, aliyeiona mikwaruzo ile tangu siku ya kwanza gari lilipofika kwake, alichukua kopo la dawa ya kung'arisha, akaipaka boneti taratibu, akafuta. Boneti ikang'aa kama kioo, mkwaruzo hata mmoja hauonekani.

"Mjumbe, dawa hii humjua aliyekwaruza," alisema. "Akisugua asiye na hatia, rangi inatulia. Akisugua aliyekwaruza mwenyewe, mikwaruzo inarudi."

Akapitisha kitambaa chake laini. Boneti ikazidi kung'aa.

"Zamu yako, bosi. Kitambaa hiki hapa."

"Nishike tambara ulilolifanyia uganga?" Mhando alicheka. Alifungua buti, akatoa sponji yake na sabuni yake ya unga, ambazo siku zote alitaka gari lake lioshwe nazo tu, akasugua kwa nguvu. Alipomwaga maji, mikwaruzo yote ilikuwa imerudi.

Mjumbe alifunga daftari. "Twende zetu, Bwana Mhando."

Walipoondoka, Zaituni, mke wa Shebughe, aliyekuwa akitazama kando, alilinusa kopo. "Kwani ina nini hii?"

"Inaziba mikwaruzo tu, mpaka ikutane na sabuni."

"Na angetumia kitambaa chako?"

"Yule?" Shebughe alifunika kopo. "Miaka sita namwoshea gari, hajawahi hata kunipa mkono."