Kwa Nini Watu wa Ilolombo Hawadai Mabaki ya Uzi

Zamani, kule Ilolombo, mlimani ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi, mfumaji wa masweta hakuruhusiwa kubaki na uzi. Mtu aliyetaka sweta alinunua uzi wake mwenyewe mjini, akampelekea mfumaji, na siku ya kulichukua alirudishiwa kila kilichobaki, hata kama ni kipande kisichofika urefu wa mkono. Mfumaji aliyekutwa na uzi wa mteja aliitwa mwizi, na hakupewa kazi tena.

Ikupa alilijua hilo vizuri. Alikuwa mfumaji anayetegemewa kuliko wote, mama mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Lakini chini ya kitanda chake palikuwa na kapu lenye kifuniko, na kapu lilijaa vipande vya uzi wa watu.

Hakuanza kwa kukusudia. Siku moja kipande cha samawati kilinasa kwenye gauni lake. Alipokiona, mwenye sweta alikuwa ameshaondoka. Aliona haya kumkimbilia mtu kwa kitu kidogo namna ile, na akaona uchungu kukitupa motoni. Akakiweka. Kisha akaweka kingine, cha kahawia. Miaka ikapita ishirini.

Mchana, akimaliza kazi za watu, alifunga mlango, akaviunga vile vipande na kufuma kitambaa cha ukubwa wa kiganja. Masweta ya wateja yalikuwa na vipimo: kifua cha fulani, mkono wa fulani, kijivu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Hapa hakupima chochote. Hakujua hata mstari unaofuata ungekuwa wa rangi gani. Njano ingekutana na zambarau, rangi ambazo asingethubutu kuziweka pamoja kwenye sweta la mtu, na zingependeza hadi acheke peke yake. Akishamaliza, alikitazama kidogo, akakifumua, akarudisha uzi kapuni.

Mwaka mmoja mvua kubwa zilibomoa daraja, na kwa wiki tatu lori halikupanda kutoka mjini. Hakuna aliyeweza kwenda kununua uzi, na mabaki waliyorudishiwa watu yalikuwa yameshaishia kwenye viraka. Ndipo Tumpe, mke wa mwalimu mgeni, alipojifungua kabla ya miezi yake kutimia. Alizaa mtoto wa kike, mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili.

Mkunga alimlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Watu walileta masweta yao ya kumfunika, naye akayarudisha moja moja.

"Haya yanamlemea," alisema. "Anataka sufu nyepesi inayomkaa mwilini, na kofia. Tusipokuwa na kitu kama hicho mapema, sitawadanganya, hatutakuwa naye."

Ikupa, aliyekuja kumwona mtoto, aligusa unyayo wake. Ulikuwa wa baridi kama kokoto ya mtoni.

Alirudi nyumbani, akajaribu kufumua sweta lake mwenyewe. Lilikuwa limeshikamana kwa miaka ya kufuliwa, na uzi ulikatika kila alipouvuta. Akaketi kitandani, akalivuta kapu. Alijua kwamba kila mtu Ilolombo angeutambua uzi wake, maana kila mtu aliuchagua mwenyewe. Hata hivyo akachukua sindano.

Alifuma siku mbili, akisimama tu kula. Aliogopa, lakini rangi zilipoanza kufuatana akajikuta anafurahi kama kawaida yake, akaona haya kufurahi wakati kama ule. Safari hii hakufumua.

Alipoingia kwa Tumpe na kofia na blanketi, wanawake watano walikuwa wamekaa wakipika uji. Mkunga alimvika mtoto kofia, akamfunika. Wale wengine wakakaza macho kwenye mistari.

Aliyesogea kwanza alikuwa Mama Ambokile, mjane mkali ambaye watu walipunguza sauti akipita. Aliweka kidole kwenye mstari wa kijani.

"Huu ni uzi wangu."

"Ndiyo, mama," Ikupa alisema.

"Ni wa sweta la Baba Ambokile. Nilikuuliza kama umebaki, ukaniambia umeisha."

"Nilikudanganya."

Uji ulianza kuchemka na kumwagika, na hakuna aliyeuepua. Mama Ambokile aliufuata mstari ule kwa kidole kutoka pindo hadi pindo.

"Sweta lile tulimzika nalo," alisema. "Nilidhani hakuna tena kijani hiki duniani."

Akaingiza mkono chini ya blanketi, akaushika mgongo wa mtoto. Ulianza kupata joto. Alikaa na mkono wake palepale.

"Usinirudishie," alisema hatimaye. "Wangu mwachie mtoto."

Hapo wengine nao wakasogea. Mmoja akauona uzi wa sweta alilovaa akiwa mchumba, mwingine ule wa kaka yake aliyekwenda migodini. Walisahau kukasirika. Na kabla ya jioni Ikupa alikuwa amelileta kapu lake, watu wakilichambua kwa mikono yao.

Mtoto alipona, akapewa jina la Ikupa.

Kuanzia mwaka ule hakuna mtu wa Ilolombo anayedai mabaki ya uzi wake. Ukienda kuchukua sweta ukayaulizia, watajua wewe ni mgeni. Mabaki hukaa kwenye kapu la mfumaji, barazani, hadharani, na mtoto akizaliwa, blanketi lake la kwanza hufumwa kwa hayo tu. Siku ya kumtoa nje majirani humzunguka, kila mmoja akitafuta uzi wake na kumsimulia mtoto, ambaye bado haelewi neno, ulikuwa wa sweta gani na la nani. Na mgeni akiuliza huyu ni mtoto wa nani, huambiwa angoje kidogo, bado hawajamaliza mistari.