Uji Aliouonja Sisimizi

"Mpo?"

Tupo.

"Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?"

Tumekuja nayo.

"Basi yalegezeni, nitie humo kitu laini."

Hapo kale, katika bonde moja lililokuwa na ukungu mpaka adhuhuri, aliishi Kiwavi. Kazi yake ilikuwa moja. Alikula, karu karu karu, akalala, akavua ngozi, akaamka mkubwa zaidi. Akala tena, karu karu karu, akalala, akavua ngozi, akaamka mkubwa zaidi. Mtama wa bonde zima uliishia tumboni mwake, ukabaki mstari mmoja tu. Chini ya mstari huo aliishi Sisimizi na watoto wake thelathini, wachanga wote, wanangoja punje.

Wadudu wa bondeni walikuwa wamekwisha jaribu dawa zao. Walimmwagia majivu, akajipaka kama poda. Walimmwagia pilipili. Mwanzoni alipiga chafya, baadaye akawa anaiulizia.

Siku moja Sisimizi, amechoka kulia, alipita chini ya mwarobaini. Akaona viwavi wadogo waliotafuna kokwa zake. Walikuwa wamelala kimya kwenye majani makavu, kila mmoja amekwama katika ngozi yake ya zamani, kama mtu aliyeshindwa kuvua shati la utotoni. Hakuna aliyekuwa na jeraha. Sisimizi alisimama pale muda mrefu, ukungu ukimpita taratibu, akawaza.

Akaokota kokwa, akatwanga, tu, tu, tu. Uji wa kwanza ulikuwa mchungu, viwavi wadogo wengine aliowajaribia wakautema. Wa pili akautia asali, wakaunywa, wakavua ngozi zao vizuri tu. Akatwanga tena, tu, tu, tu. Akaongeza huku, akapunguza kule. Uji wa saba ndio uliokubali.

Akamwalika Kiwavi. Sasa, desturi ya bonde lile ni kwamba mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu. Na Kiwavi alikuwa mlafi, lakini mjinga hakuwa.

"Onja wewe kwanza, mama," akasema.

Sisimizi akanywa mafunda matatu. Kiwavi akamtazama mpaka kivuli cha mtama kikahama. Sisimizi bado amesimama. Basi Kiwavi akainamisha kichwa, akamaliza chungu kizima, akalamba na ukingo.

Siku ya kwanza Kiwavi anakula. Siku ya pili anakula. Panzi alikuja kuuliza ni dawa gani hii inayomnenepesha mgonjwa, na majirani wakacheka. Sisimizi alikuwa anautazama ule mstari wa mwisho ukipungua jani kwa jani, akaogopa kwamba amewaua wanawe kwa njaa.

Siku ya tano Kiwavi akalala. Akaota ana mabawa, anaelea juu ya mashamba yasiyo na mwisho, ya kijani yote, yake yote. Alipoamka akajinyoosha avue ngozi. Ngozi haikutoka. Akavuta, gwi, gwi, gwi. Haikutoka.

Akamwita Sisimizi kwa sauti nyembamba. "Mama, ule uji si uliuonja?"

"Niliuonja, baba. Ila mimi nilimaliza kukua siku nyingi."

Sisimizi alimwonea huruma, kweli kabisa, akakaa naye mpaka alipoacha kutikisika. Kisha akaenda kuosha chungu. Alikiosha mara tatu, akakisugua kwa mchanga, akakiosha tena, maana watoto wake thelathini walikuwa bado wanakua.

Ngano yangu imeshiba, sasa inakwenda kujilaza. Na funzo lake mmeliona wenyewe: ukialikwa uji, na mwenyeji akaonja mbele ya macho yako, kunywa wote bila wasiwasi.