Kikombe cha Bi Naetwe

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya sungura kumtapeli fisi, ni zamani hii ya juzi betri za redio zilipokuwa zikianikwa juani zipate nguvu, aliishi milimani Upare mama mmoja mjane, Bi Naetwe. Upare ndiko wanakosema watu huuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Sibishi. Ila tangawizi ya huko, ukiitafuna wewe uliye Same, anayepiga chafya ni mtu wa Korogwe.

Bi Naetwe alikuwa na kikombe cha bati. Kimebonyea ubavuni, rangi imebanduka, hata kuku asingekinywea maji kwa hiari yake. Lakini ndicho alichokatia biskuti za Krismasi tangu alipoolewa. Unga unasukumwa, kikombe kinagandamizwa, biskuti inatoka duara kama mwezi. Na ukoo mzima ulijua: kikombe kilipo, ndipo Krismasi ilipo. Mwenye nacho ndiye wanayempandia mlima.

Basi mikono ya Bi Naetwe ikaanza kutetemeka, na meno yakamhama moja moja mpaka kinywa kikabaki kama uwanja baada ya mnada. Biskuti zake mwenyewe zikamshinda. Alizishika, akazinusa, akazirudisha sahanini akisema ameshiba. Bintiye mkubwa, Namsifu, aliyeshika ukandaji tangu hapo, alimlowekea kwenye chai. Mama hakutaka.

"Biskuti ya kuloweka," alisema, "ni uji uliovaa koti."

Asubuhi ya Krismasi moja, kabla ya kwenda kanisani, akawaita wanawe.

"Kikombe hiki nimekichoka. Atakayenipa biskuti niitafune kwa ufizi, nisikie tangawizi na iliki kama zamani, kikombe ni chake. Na Krismasi itahamia kwake."

Akashika fimbo yake, akatoka. Kufa hakukuogopa. Aliogopa kufa akiwa amesahau ladha ya mkono wake mwenyewe.

Nyumbani wakabaki watatu. Namsifu akatwanga tangawizi, akaponda iliki, akakanda siagi na sukari na unga mpaka mkono ukafa ganzi. Akasukuma, akakata. Mdogo wake, Elinazi, akapewa moto, maana oveni hawana: ni sufuria, makaa chini, mfuniko wa bati, na makaa mengine juu ya bati. Saumu, mke wa Elinazi, bibi harusi kutoka Pangani, Krismasi yake ya kwanza mlimani, akapewa kazi ya kuipua na kupanga sahani.

"Naenda kubadili nguo," alisema Namsifu. "Moto usiguswe."

Elinazi akayatazama makaa yanavyoteketea. Roho ikamuuma. Mkaa wote huu kwa biskuti? Si ungeivisha na pilau ya mchana? Akayapakua yale ya juu kabla ya wakati wake, akayafukia jivuni.

Saumu akaipua. Kwao Pangani kitu cha unga kikitoka motoni hufunikwa kitambaa kilicholoweshwa, ndivyo chapati inavyotunzwa. "Mama atarudi na baridi hii," akawaza, "azikute zina moto." Akachovya kitambaa, akakikamua, akazifunika gubigubi.

Namsifu akarudi, akafunua.

"Uuwi! Nani kaziua biskuti zangu?"

Zimepauka, zimelegea. Ukiishika moja inapinda kama kandambili.

"Si mimi," akasema Elinazi. "Mimi nimelinda moto kama askari wa benki."

"Askari gani, makaa yamelala jivuni? Hata siku ya Krismasi unabania mkaa!"

"Basi ni huyu na tambara lake!"

"Si mimi!" Machozi yakamlengalenga Saumu. "Zilinifikia zimeshapauka. Aliyekanda si wewe, wifi?"

"Si mimi! Nimekanda kama ninavyokanda kila mwaka!"

Unga umekwisha, siagi imekwisha, na mlangoni fimbo inagonga. Ko, ko. Mama huyo.

Bi Naetwe akaketi, akachukua moja. Ikapinda. Akainusa. Akaitia kinywani, ufizi ukashuka, na biskuti ikakubali. Tangawizi ikampanda puani, iliki ikafuata, siagi ikayeyuka. Akafumba macho, chozi likamtelemka mpaka kidevuni.

"Ee," akasema. "Ndiyo yenyewe."

Akala ya pili. Ya tatu akaificha kwenye pindo la kanga akidhani hawamwoni.

"Haya. Nani kanipa hii?"

"Mimi!" Sauti tatu kwa mpigo.

Bi Naetwe akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Nikiwa uani nimesikia 'si mimi' tatu. Sasa nasikia 'mimi' tatu. Semeni."

Akasema Namsifu: "Mama, ladha uliyoililia ni ya mkono wangu. Laini tupu ni kitu gani? Hata sponji ni laini. Na meno yalipokuhama, nani alikulowekea kwenye chai huku ukimnunia?"

Akasema Elinazi: "Dada hukanda hivyo kila mwaka, na kila mwaka ulizirudisha sahanini. Mwaka huu moto ulikuwa wangu. Makaa yangekaa, sasa hivi ungekuwa unanyonya kokoto. Ubahili wangu ndio umekulisha, mama!"

Saumu akainama. "Mimi kuoka sijui. Wenzangu walikuwa na kikombe akilini. Mimi niliiwaza baridi ya njiani, nikafunika."

Namsifu akamgeukia.

"Kwani mimi sikumwaza mama?" akauliza Namsifu, sauti ikikatika.

"Ulimwaza, wifi. Nisamehe."

"Halafu nyinyi wawili ni nyumba moja! Mnanijia wawili kwa mmoja?"

"Thubutu!" akang'aka Elinazi. "Mimi na mke wangu kila mtu na kesi yake!"

Bi Naetwe akakipakata kikombe. Akimpa Namsifu, je, mwakani yeye mwenyewe si atarudi kunusa na kusema ameshiba? Akimpa Elinazi, si amezawadia uchoyo? Akimpa Saumu, binti aliyekanda miaka yote ataila Krismasi ya mamaye kama mgeni.

Akakiinua. Mkono ukanyooka; mikono mitatu ikanyooka kukipokea. Nami namwacha hapo hapo, kikombe ki hewani na chai inapoa, maana nikimtaja mmoja nitakosa pa kulala milimani.

Haya, mnaosikiliza, msijifanye mnahesabu mabati ya paa. Aliyekanda, aliyebania na aliyefunika: je, nani alistahili kikombe?