Waziri Aliyedai Herufi Zake

Hapo zamani, Shungwi ilipokuwa mji wa watu na si magofu ya popo, alikuwapo waziri jina lake Sefudini, naye alibuni herufi zake mwenyewe. Zilikuwa na mikia na pembe, na Waziri alizipenda kuliko wanawe. Akamshawishi Sultani kwamba hati zote za ndoa, mirathi na mashamba ziandikwe kwa herufi hizo, na asizisome mtu ila makarani wa Waziri. Basi ikawa mwenye hati yake mkononi hajui imesema nini mpaka apeleke mbuzi kwa Waziri. Na asiye na mbuzi je? Huyo hati yake ilimfaa kwa kufunikia chungu.

Miongoni mwa hao wasio na mbuzi alikuwa Mwana Nuru, mjane. Mumewe alipofariki, Waziri alimpelekea habari kuwa nyumba anayokaa si yake, ni ya Waziri, na hati ndivyo isemavyo. Mjane akaizungusha hati kwa wanazuoni wa mji. Kila mmoja akaichungulia, akakohoa, akasema, "Mwanangu, kusoma pengine ningejaribu, lakini herufi hizi zina mwenyewe. Yasije yakanifika makubwa." Amri ya kumwadhibu msomaji hakuna aliyepata kuiona, lakini hofu yake wote waliihifadhi kwa moyo. Elimu gani hiyo!

Ndipo mjane akamwendea Mwinchande, fukara hohehahe, ambaye mali yake ilikuwa kanzu moja na ulimi. Mwinchande akaenda akaketi mbele ya mlango wa jumba la Sultani. Juu ya mlango huo Waziri alichongesha sifa za Sultani kwa herufi zake, na kila Ijumaa mpiga mbiu akisimama chini yake akizighani, hata mji mzima ukazijua bila kitabu. Mwinchande akazighani polepole, akilinganisha sauti na herufi, mpaka zote zikamkaa kichwani. Akamsomea mjane hati yake: nyumba ni yako wewe na wanao. Kisha, kwa kuwa hakujaliwa kunyamaza, akamfundisha kila aliyetaka, bila ujira.

Waziri aliposikia akamburuta hadi barazani kwa Sultani. "Seyyidi, mtu huyu ameniibia herufi zangu!"

"Ni kweli?" akauliza Sultani.

"Nilizikuta mlangoni pako, Seyyidi, hadharani. Na Waziri angali nazo zote, haikupungua hata moja. Wizi wa namna hii sijapata kuusikia."

"Usinichezee. Ijumaa ikifika uwe umemrudishia Waziri herufi zake zote, ulizonazo wewe na ulizowagawia watu. La sivyo utakatwa mkono, na nyumba ya mjane aichukue Waziri."

"Nimesikia na nimetii," akasema Mwinchande, akatoka akiutazama mkono wake, maana mkono ni mkono. Akawaza na kuwazua, mwisho akacheka peke yake.

Ijumaa asubuhi Waziri akaamshwa na kelele. Kufungua mlango, akakuta mji umejaa uani: wachuuzi, wakwezi, hata bibi arusi na kungwi wake, kila mtu na mkeka kwapani. Mbele yao Mwinchande.

"Waziri, tumekuja kukurudishia mali yako. Herufi zimo vichwani mwetu, na vichwa havitoki shingoni. Basi tumekuletea vichwa na miili yake. Pokea."

"Nizipokee vipi?"

"Hilo ni lako, mwenye mali. Sisi ni watunzaji tu. Na ada ya mji waijua: mwenye kuweka amana kwa mtu humlisha mtunzaji mpaka siku atakapoichukua. Nasi tangu jana hatujatia kitu kinywani."

Wakatandika mikeka. Waziri asiweze kuwafukuza, maana kila atakayemfukuza ataondoka na herufi zake. Basi majungu yakapanda mekoni, mchele ukaisha, na wale mbuzi wa watu wakaishia mchuzini. Alipoona wanaulizia ng'ombe, Waziri akakimbilia kwa Sultani, na Sultani akaja mwenyewe kutazama.

Mwinchande akainama, akamtandikia mkeka mpya.

"Huu wa nani?"

"Wako, Seyyidi. Nawe kila siku hulisoma jina lako pale mlangoni, na Waziri hakukupa ruhusa. Hata kichwa chako kina mali yake."

Sultani akamgeukia Waziri taratibu. "Ati jina langu ni mali yako?"

"Hasha, Seyyidi!" Waziri akalia. "Herufi ni za watu wote! Waende nazo! Waende nazo makwao!"

Sultani akacheka mpaka akashika mbavu. Akaamuru hati ya mjane isomwe, nayo ikasomwa na ua mzima kwa sauti moja, na Mwana Nuru akalia kwa furaha mbele za watu, asione haya. Mwinchande akavishwa joho. Waziri naye akahukumiwa kuketi sokoni awasomee watu hati zao bure. Akaketi pale juani, kalamu sikioni, akingoja. Asije hata mmoja, kwa kuwa mji mzima ulikwisha jua kusoma.