Jina Chini ya Picha ya Godoro

Kaeni vizuri, maana leo hukumu nawaachia ninyi.

Huko Lushoto walikuwepo marafiki watatu waliojiita wapiga picha. Singano alikuwa na kamera ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo. Mhina alikuwa na lenzi ndefu kama mchi. Bi Zaina alikuwa na stendi ya miguu mitatu, nyepesi kubeba na ngumu kutikisika. Kila Jumamosi walikutana kubishana kifaa cha nani ni bora, na ili kupata ushahidi waliupiga picha ukuta wa matofali wa shule. Ukuta ule ulipigwa picha nyingi kuliko bibi harusi yeyote wa wilaya ile. Watu hawakuwapiga picha.

"Watu wanatikisika," alisema Mhina.

Sheria yao ilikuwa moja tu: kifaa cha mtu hakiguswi na mwingine.

Singano alikuwa na wivu, tusimfiche. Zamani kila mtu aliulizia kamera yake. Tangu Mhina aje na ile lenzi, hata mke wa Singano aliomba achungulie kidogo, na Singano hakulala vizuri wiki nzima.

Basi Mama Shemdoe akafungua nyumba ya wageni. Akatangaza kwamba atatundika picha moja mlangoni, na chini yake jina moja la aliyeipiga. Singano akalitaka lile jina liwe lake mpaka chakula kikawa hakipiti.

Wakaenda kupiga picha ya maporomoko ya maji. Ilibidi waende pamoja, maana kamera bila lenzi haikuona mpaka ng'ambo, lenzi bila kamera ilikuwa bomba tu, na vyote viwili bila stendi vilichosha mikono.

"Nabonyeza mimi," akasema Mhina. "Lenzi ndiyo inayoona."

"Na kitufe kiko kwenye kamera ya nani?" akauliza Singano.

"Basi asibonyeze mtu," akasema Bi Zaina. "Itegeshe ijipige yenyewe. Mkiendelea hivi ukungu utashuka."

Singano akaitegesha, wakasogea nyuma kidogo. Mhina akatabasamu. "Leo mtaiona kazi ya lenzi."

Maneno yale yalimchoma Singano. Akawaona wageni mlangoni wakiuliza habari za lenzi, lenzi, lenzi. Akanyoosha mguu polepole, akausukuma mguu mmoja wa stendi. Kamera ikageuka, kisha ikajipiga.

Walipotazama, maporomoko hayakuwemo. Chini kule mtoni, mtu na mkewe walikuwa wakivuka wamejitwika godoro jipya, mmoja mbele mwingine nyuma, maji magotini, wanacheka mpaka godoro limepinda. Marafiki wale hawakuwahi kupata picha nzuri kama ile.

Mama Shemdoe alipoiona alicheka, kisha akajifuta macho. "Hii hii. Niandike jina la nani?"

"Langu," akasema Mhina. "Walikuwa mbali. Bila lenzi yangu wangekuwa madoa mawili."

"Langu," akasema Bi Zaina. "Wazo la kutegesha ni langu. Na upepo ulipoisukuma stendi yangu, haikuanguka."

Singano angeweza kutaja kamera yake, lakini aliona haitatosha. Alikuwa na neno moja la kumpa ushindi, nalo lingemvua nguo mbele ya rafiki zake. Kisha akamwona Mhina anatabasamu tena.

"Upepo gani? Nimeisukuma mimi, kwa mguu."

"Kwa nini?" akauliza Mhina.

"Ili picha yako iharibike."

Bi Zaina akaivuta stendi yake karibu na miguu yake.

Haya sasa. Yupo aliyewaleta karibu wale waliokuwa mbali. Yupo aliyemaliza ugomvi na kuishikilia kamera isianguke. Na yupo aliyegusa kisicho chake, akataka kuharibu, akatengeneza, kisha akakiri kwa wivu uleule, wala si kwa kutubu. Ingekuwa wewe ndiye Mama Shemdoe, ungeandika jina la nani?