Dirisha la Chini la Fundi Ngwali

Ko!

Mmeisikia? Sauti moja tu, usiku, halafu kimya. Basi paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, niwapeleke ilikotoka. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limeliwa na mchwa, alikuwako fundi wa nyumba aliyeitwa Ngwali. Alianza kujenga ndevu hazijaota, akajenga hadi zikawa nyeupe. Kijijini hapo pekee, nyumba arobaini. Hakukata mti kabla ya kukaa kiwanjani siku saba, akisikiliza upepo, akitazama jua linapita wapi. Udongo aliuchimba pale pale. Sakafu yake ukiiwekea yai, halibingiriki.

Walimsifu mdomoni. Moyoni walimshuku.

Desturi yao ilikuwa hivi: nguzo ya kati inaposimamishwa, fundi hutaja jina la mwenye nyumba kwa sauti, ili nyumba imjue mwenyewe. Ngwali alilitaja. Kisha aliinama, akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'oneza jina jingine shimoni. Pss, pss. Nyumba arobaini, minong'ono arobaini. Na kila nyumba aliitoboa dirisha moja la chini, usawa wa goti. Akiulizwa, alijibu, "La kutolea moshi." Moshi gani unaotambaa chini?

Bi Mashavu ndiye aliyeisikia ile ko. Nyumba yake ilikuwa ya arobaini. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ahamie na mama yake, Bi Tatu, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa miaka mitatu. Dirisha la chini alilisindilia gunia siku ya kwanza, kwa woga. Sasa, ko! Kwenye nguzo ya kati. Hakulala tena. Nyumba hii ina mwenyewe mwingine, aliwaza, naye amekuja kumchukua mama.

Kulipokucha alikwenda kwa jirani yake Mzee Faki, mkubwa wa kijiji.

"Nguzo imebisha," alisema.

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Mtu hubisha mara tatu," alisema Faki. "Anayebisha mara moja si mtu."

Jua halijapanda, uwanja umejaa. Kamba zikafungwa nguzoni. Wataing'oa, wachimbe shimo, watoe kilichofichwa. Paa litaanguka, na Ngwali atafukuzwa kabla ya jioni.

Ngwali akaletwa.

"Nguzo mbichi ikikauka hulia," alisema. "Italia tena, kisha itanyamaza."

"Na lile jina?" aliuliza Faki. "Taja ulilolitia shimoni, tutafungua kamba."

Ngwali alitazama chini.

"Labda linatoka na moshi," mtu mmoja alisema, na watu wakacheka, kicheko kikavu.

Bi Mashavu hakucheka. "Fundi, nilikukabidhi kiwanja cha baba yangu. Wewe umemkabidhi nani?"

Ngwali aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mtoeni mama," alisema Bi Mashavu. "Kisha vuteni."

Hapo sauti ikatoka ndani, nyembamba, kali. "Mashavu! Mwambie Faki aondoe mguu. Anakanyaga mchicha."

Watu wakatazama chini. Mguu wa Faki ulikuwa katikati ya tuta.

Bi Mashavu akaingia. Mama yake amelala ubavu, mkongojo mkononi, gunia liko sakafuni.

"Mama, umemjuaje?"

"Nani asiyeijua miguu ile? Gunia lako nimelisukuma. Kumbe kumekucha."

Kumekucha. Miaka mitatu katika nyumba ya zamani, yenye madirisha ya juu, mama aliuliza kila siku: kumekucha? Bi Mashavu akapiga magoti. Akalaza kichwa kwenye mto wa kulalia, kando ya kichwa cha mama. Mbele yake, dirishani: tuta, mbuzi, miguu ya watu, kipande cha mbingu.

Akatoka, akasimama mbele ya Ngwali. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Fundi, ni nani aliyelala asione nje?"

Mzee alijibu kiganja kingali mdomoni. "Mke wangu. Nyumba yangu ya kwanza nilimjengea yeye, madirisha juu, ya fahari. Miguu ikamwacha. Miaka minne alitazama ukuta wangu wa udongo. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna mawingu. Nilimjibu, nikaenda kuwajengea wengine. Nilimzika sijautoboa ule ukuta, ndipo nikaja kijijini kwenu. Ningelitajaje jina lake mbele za watu?"

"Litaje," alisema Bi Mashavu. "Nyumba ina nafasi."

Faki aliinama mwenyewe, akafungua kamba.

Nanyi mnaonisikiliza, msimhukumu mtu kwa alichonong'ona kabla hamjalaza kichwa pale alipolala mwenziwe. Hadithi yangu inaishia hapa, limebaki neno moja, nalo si langu. Mzee Ngwali alinyanyua uso, akaondoa kiganja mdomoni.

"Mize," alisema.