Betri ya Fundi Saa

Mtu anayeumwa kisha akasema "sijambo" hamdanganyi tabibu peke yake. Anaidanganya na dawa. Maradhi hayamstahi mtu, wala hayaoni aibu kutoka nje. Wahenga waliliona hilo wakanena: mficha maradhi kilio humfichua. Anayebisha na asome yaliyomkuta Fundi Saa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Fundi Saa alikuwa bingwa wa kazi yake, na kazi yake aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele. Mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika. Saa iliyoshindikana kwingine, kwake ilitembea. Ila alikuwa na ila moja: neno "nimekosea" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila lilipokwama alilimeza.

Binti yake alikuwa mtafsiri. Baada ya kusaka kazi mwaka mzima, hatimaye alichaguliwa kufanya jaribio la mwisho katika kampuni aliyoiota usingizini na macho wazi. Jaribio lingefanyika mtandaoni, Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kompyuta aliyoisajili na si nyingine. Sharti lilikuwa kompyuta iwe na toleo jipya la mfumo wake. La sivyo, mlango wa jaribio usingefunguka.

Jumatatu alianza kuisasisha. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, mwishowe ukaja ujumbe: "Sasisho limeshindikana." Akaizima, akaiwasha tena. Ikamjibu vilevile. Siku zilizofuata nazo zikapita hivyohivyo, kompyuta imekaza shingo kama punda aliyechoka mzigo.

Fundi Saa aliyajua zaidi ya aliyoyasema. Wiki iliyotangulia, mteja mmoja alimsimamia kichwani akiitaka saa yake ya mezani papo hapo, na betri za aina ile zilikuwa zimemwishia. Akakumbuka kwamba ndani ya kompyuta ya binti yake mna betri kama ile, ya duara, bapa kama sarafu, inayotunza saa ya mashine hata umeme ukikatwa. Akalifungua kasha, akaichomoa, akapachika kuukuu aliyoiokota kwenye droo. Alijiambia angeweka mpya kesho. Kesho ikazaa kesho.

Tangu hapo, kila kompyuta ilipochomolewa kwenye umeme, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi. Fundi aliiwahi kila asubuhi kabla ya binti kuamka, akaipanga saa, siku na mwezi. Mwaka hakuugusa. Saa za mkononi alizozoea hazina mwaka, basi macho yake yaliupita kama mpita njia. Kona ya skrini nayo ilionyesha saa na dakika tu. Na ule utaratibu wa kompyuta kujirekebishia saa yenyewe alikuwa ameuzima zamani. "Mimi nifundishwe saa na sanduku?" alifoka siku ile.

Ijumaa binti alimwita binamu yake, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kupiga domo?"

"Vyote, mjomba. Domo halinilipishi." Akaketi, akaitazama mashine. "Kwanza niambieni ukweli. Kuna mtu aliyeifungua hii?"

Binti akatikisa kichwa. Kijana akamgeukia mjomba wake.

"Nani aifungue?" mzee akaja juu. "Hii nyumba, si gereji."

"Nauliza tu."

"Wewe tibu. Upelelezi waachie polisi."

Basi kijana akatibu kwa kupapasa. Alipunguza mafaili ili diski ipate nafasi. Alifuta mabaki ya sasisho lililokwama, akaendesha programu ya ukarabati. Kurasa kadhaa za mtandao nazo zilikataa kufunguka, akaulaumu mtandao, akaunganisha simu yake. Wapi! Jioni aliondoka jasho likimtoka, akaahidi kurudi mapema.

Jumamosi alirudi na jua, akajaribu tena, ikashindikana tena. Akamgeukia binamu yake.

"Dada, sema kweli. Uliizima katikati ya kusasisha?"

"Sidhani."

"Hudhani, au hukuizima?"

Binti akainamisha kichwa. "Jumatatu nilibonyezabonyeza kwa hasira. Labda ni mimi. Ndiyo, ni mimi niliyeiharibu. Baba, nisamehe, nimekuangusha."

Maneno yale yalimchoma mzee kama msumari wa moto. Mtoto aliyetendewa kosa ndiye aliyekuwa akiomba radhi.

"Usiniombe msamaha," alisema. "Betri ya ndani niliichomoa mimi. Nikaweka mfu. Saa nimekuwa nikiipanga kwa mkono."

Kijana aliifungua kalenda ya kompyuta, akashika kiuno.

"Mjomba! Kwa kalenda hii mimi bado niko shule ya msingi! Sasisho lina muhuri wenye tarehe. Mashine ikijiona iko miaka ya nyuma, muhuri huo inauona wa uongo, inaukataa. Na jana nilikuuliza."

"Uliniuliza," mzee akajibu.

Kijana akaurekebisha mwaka. Sasisho likaanza kushuka bila ubishi, asilimia moja baada ya nyingine, mwendo wa kobe. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Saa nne ilifika ikalikuta kwenye asilimia sitini, ikalipita.

Lilipokamilika, binti alifungua ukurasa wa jaribio. Akasoma kwa sauti: "Muda wa kuingia umepita."

"Wapigie simu," baba akasema. "Niwaeleze kosa ni langu."

Binti akapiga. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili, akalitamka lile neno lililokuwa likimkwama: "Nimekosea." Upande wa pili walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole, wakasema nafasi imekwishafungwa.

Binti akaingia chumbani mwake. Kilio chake kikasikika mpaka sebuleni.

"Jana ningeugundua ugonjwa kabla chai haijapoa, sasisho likashuka usiku kucha," kijana alisema akifunga mkoba. "Uliniacha nitibu tumbo, mjomba, kumbe kinachouma ni jino."

Kompyuta ilikuwa imepona. Nafasi ya mwanawe ndiyo iliyozikwa. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kilio humfichua.